Ukuta wa Wenye Uchungu

Kayanga, Karagwe
20 Februari 2023

Bi Swafiya,

Natumaini barua hii inakukuta salama na jamaa zako hapo Rwezamenyo. Uliniomba tuandikiane badala ya kupigiana simu. Ni ombi la ajabu kwa zama hizi, lakini hapa kilimani kwetu mtandao huja na kuondoka kama paka wa jirani, kwa hiyo nimekubali. Mugabo, dereva wa basi la Kigali, atatubebea bahasha.

Gaudiose, mkunga wangu mkuu, ananiambia kwamba wiki iliyopita ulifika kliniki yangu hapo Kigali, ukaomba kiti, ukakaa asubuhi nzima mbele ya ukuta niliokuomba uuchore, bila kugusa brashi, kisha ukaaga. Amenishauri nisiwe na wasiwasi. Ninao.

Labda sikujieleza vizuri. Korido ile inatoka chumba cha kusubiria hadi mlango wa chumba cha kujifungulia. Wanawake wenye uchungu tunawatembeza humo, wanakwenda na kurudi, mpaka njia ifunguke. Ukuta wake ni mweupe mtupu tangu tulipofungua. Nataka mama aliyempakata mtoto, nyuma yake vilima, jua likichomoza. Kitu ambacho mwanamke mwenye maumivu atakitazama akajua kwa nini anaumia.

Kabla hujaanza, nitumie mchoro kwenye karatasi, hata wa penseli. Nikiukubali, utaendelea.

Mimi niko huku kwa mambo madogo ya kifamilia. Nitarudi yakimalizika.

Wako,
Dkt. Mutoni


Rwezamenyo, Kigali
27 Februari 2023

Daktari Mutoni,

Assalaam alaykum. Najua wewe ni Mkristo, lakini mkono wangu haujui kuanza barua kwa njia nyingine.

Asante kwa kukubali kuandika. Kwenye simu mimi huitikia "yego, yego" kwa kila ninachoambiwa, kisha nakata na kukuta nimeahidi mambo nisiyoyaweza. Kwenye karatasi angalau naona ninachokikubali.

Mchoro sina. Si kiburi wala uvivu. Sina kwa sababu picha yenyewe haijafika, na mimi si mtu wa kuiona kabla haijafika.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani mtaa huu huu. Nilipokuwa msichana nilichukua rangi iliyobaki ya madirisha nikapaka mlango wa duka lake. Sikuchora ua wala ndege. Rangi tu, moja ikiingia ndani ya nyingine. Baba akatoka na futi shingoni, akauliza, "Swafiya, hiki ni nini?" Nikasema, "Sijui, baba." Nilitegemea kofi. Akasimama pale mpaka mteja akamwita na kumwita. Halafu akasema, "Basi usiongeze kitu." Mlango ukakaa hivyo mpaka nyumba ilipobomolewa.

Mpaka leo nafanya kazi vile vile. Kwanza nakaa. Naushika ukuta kwa kiganja. Wako una baridi upande wa chumba cha kujifungulia na joto upande wa dirisha, ulijua? Halafu nachanganya rangi moja nisiyoipenda, maana niipendayo itanirudisha kule kule nilikokwisha kwenda. Naweka alama. Alama ile inaomba nyingine. Nikisikiliza vizuri inaendelea kuomba. Nikianza kujiona hodari inanyamaza, na hapo najua nimeshaharibu.

Nikikuchorea kwenye karatasi nitakuwa nakudanganya. Lakini nimesikia unachotaka. Nitajaribu.

Akutakiaye heri,
Swafiya


Kayanga
6 Machi 2023

Bi Swafiya,

Gaudiose ameniandikia kwamba Alhamisi ukutani kulikuwa na mama na mtoto, "wazuri sana, daktari, hata kucha za mtoto zinaonekana." Jumamosi hapakuwa na kitu. Umewafunika kwa rangi nyeupe.

Kwa nini?

Nimezalisha wanawake kwa zaidi ya miaka ishirini. Kazi yangu haina "tutaona mbele ya safari." Naingia chumbani nikijua mtoto amelalaje, moyo wake unapigaje, na nitafanya nini ukianza kupunguza mapigo. Anayebahatisha katika chumba changu simruhusu kurudi. Sasa niambie kwa nini nikuruhusu wewe ubahatishe kwenye korido yangu, mbele ya wanawake walio katika saa ngumu kuliko zote za maisha yao. Rangi zilizomwagika hazimwambii mtu kitu. Watadhani kuta zetu zimeota ukungu.

Huku mambo yamekuwa marefu kuliko nilivyofikiri, na sina nguvu za kubishana. Mrudishe yule mama na mtoto wake, au tuachane kwa heri. Hakutakuwa na ubaya.

Dkt. Mutoni


Rwezamenyo
14 Machi 2023

Daktari,

Assalaam alaykum. Umekasirika na una haki. Ilinipasa nikuambie mimi kabla ya Gaudiose.

Nilimchora yule mama kwa sababu uliagiza. Kila mtu alimsifu. Habiyaremye, mlinzi wako, alipiga picha amesimama naye. Lakini Ijumaa akaja mwanamke mwenye uchungu, akatembea mpaka mbele ya picha, akageuza uso. Aliporudi akageuza tena. Nikamuuliza Gaudiose, akanijibu kwa sauti ya chini, "Huyo ameshapoteza wawili." Na mama wangu wa ukutani alikuwa akimtabasamia, na mtoto wake mnono kifuani! Niliona aibu kana kwamba ni mimi niliyemcheka. Nikachukua rola.

Baada ya hapo nikachanganya rangi nisiyoipenda, ya matope ya mtaro, nikaipaka ukuta mzima. Nikangoja. Hakikuja kitu. Nilikwenda kila siku na hakikuja kitu. Jumatano nilikuwa nimesimama pale, brashi imejaa buluu niliyoichanganya na jivu, na nilikuwa nimeshaamua kukuandikia kwamba nimeshindwa.

Akaja msichana anaitwa Iradukunda, msusi wa hapo Gisimenti, mimba ya kwanza, anatembea na dada yake. Walipofika kwangu uchungu ukambana. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Akanishika bega. Daktari, unazijua nguvu zile. Akavuta pumzi na mkono wangu ukapanda. Akaitoa, ndefu, kwa sauti ya chini, na mkono ukashuka nayo, polepole, mpaka nikapiga goti sakafuni. Sikuuongoza. Wala sikuuzuia.

Akaniachia, akasema, "Mbabarira, mama," akiniomba radhi kama mtu aliyekukanyaga kwenye foleni.

Nikainua macho nikautazama mstari. Napaka rangi tangu utoto na sijawahi kuweka mstari kama ule. Ulikuwa mnene pale alipoanza, ukajikunja alipouma meno, ukawa mwembamba kama uzi, na mahali ulipoishia sikuweza kupaona. Nikamwambia, "Ukipita tena, nishike." Akapita tena, akanishika. Asubuhi nzima tulikuwa hivyo, yeye na pumzi yake, mimi na brashi, dada yake akitushangaa wote wawili.

Wakamwingiza ndani. Nikakaa chini, mgongo ukutani, rangi mpaka viwikoni. Kisha nikasikia mtoto analia. Nimesikia watoto wengi wakilia maishani mwangu. Yule nilimsikia kwa mifupa.

Sitamrudisha mama yule wa kwanza. Ukisema tuachane, nitaupaka ukuta mweupe safi kama nilivyoukuta, na nitakushukuru. Lakini nakuomba uniache niendelee.

Swafiya


Kayanga
22 Machi 2023

Swafiya,

Yule aliyegeuza uso namjua. Nilikuwepo mara zote mbili.

Endelea.

Barua yako niliisoma kwa sauti, sijui kwa nini. Kuna mtu humu ndani ambaye siku hizi hasemi sana. Anakula kidogo, analala, anakasirika nikimgeuza ubavu. Nilipofika pale ulipopiga goti alifungua macho. Nilipomaliza akauliza, "Na yule msusi alipata nini?" Nikamwambia hukusema. Akanitazama kana kwamba kosa ni langu.

Tafadhali tuambie alipata nini. Na uandike marefu.

Mutoni


Rwezamenyo
1 Aprili 2023

Dada Mutoni (natumaini sijavuka mpaka),

Assalaam alaykum, na Ramadhani imetufikia salama.

Alipata msichana. Kichwa kimejaa nywele, na mama yake ameshaanza kuzipangia mtindo. Na yule aliyegeuza uso alijifungua salama pia, mvulana. Alipoondoka aliupita ukuta taratibu, na safari hii aliutazama.

Mengine nimeyaelewa hata bila kuambiwa. Anayekula kidogo, anayelala, anayekasirika akigeuzwa: una mwenye mimba nzito hapo, bila shaka ndugu yako wa karibu, nawe umekwenda kumlinda mwenyewe. Mwambie Swafiya wa Rwezamenyo anamwombea kila jioni anapofuturu. Mwambie asiogope. Ajifungue salama.

Umsimulie ukuta ulivyo sasa. Yale matope niliyoyachukia yamekuwa udongo wa kila kitu. Sasa nayapenda, yananitisha kidogo. Juu yake inapita mistari ya buluu na jivu. Wanawake wameambizana. Wanafika na kuuliza, "Yuko wapi yule wa kushikwa bega?" Wengine wananishika, bega langu lina alama za vidole. Mmoja hakutaka kuguswa wala kugusa, aliimba kwa pua tu, wimbo wa kanisani, nami nikaufuata. Jumanne ilitokea njano ambayo sikuikusudia: makopo mawili yaliyokaribia kuisha, nikayamimina pamoja nioshe brashi, na pale kwenye ndoo ikazaliwa rangi ya kitu kinachoiva. Nikaikimbiza ukutani kabla haijanipotea. Nimejaribu kuitengeneza tena na haikubali.

Mfungo unanisaidia. Tumbo likiwa tupu sina mengi ya kusema, na mkono unafanya kazi bila mimi kuusemesha.

Sehemu inayofuata usimsomee.

Juzi mtoto mmoja hakulia. Tulingoja. Korido nzima ilingoja, hata Habiyaremye getini alizima redio. Hakulia. Baadaye mama yake alitoka, amekataa kiti cha magurudumu, anatembea mwenyewe ameegemea ukuta. Buluu yangu ilikuwa mbichi. Akaenda hivyo mpaka mlangoni, bega likiburura rangi yote pamoja naye, na hakujua. Nilipomwambia kitenge chake kimechafuka alikitazama kama cha mtu mwingine.

Gaudiose akaniambia, "Pole, utatengeneza kesho." Nikaisogelea alama ile na brashi. Mkono ukakataa. Dada, uligoma kama punda. Nimeiacha kama ilivyo. Ni sehemu ya kweli kuliko zote ukutani, na si mimi niliyeiweka.

Wako,
Swafiya


Kayanga
10 Aprili 2023

Swafiya mdogo wangu,

Nilimsomea yote. Nilijaribu kuruka uliponikataza, akasema, "Umeruka." Hadanganyiki. Nilipomaliza akasema, "Kumbe mama yule naye amepita hapo nilipopita," basi.

Hana mimba. Ni mama yangu. Anaitwa Spéciose, anakaribia miaka tisini, na ini lake limechoka. Nilipokuja nilijua hatainuka tena kitandani. Nikakuandikia "mambo madogo ya kifamilia" kwa sababu sikuweza kuiandika sentensi yenyewe. Alivuka mto Akagera akiwa na mimba yangu, akanizaa upande huu chini ya turubai. Wenzake waliporudi nyumbani Rwanda yeye alikataa kuliacha kaburi la baba. Nimezoea kumkasirikia kwa hilo. Nilifungua kliniki Kigali, nikazalisha watoto wa watu wote, yeye amebaki hapa na ndizi zake.

Lakini sikia. Niliposoma "mwambie ajifungue salama," alicheka. Alicheka mpaka ikabidi nimkalishe. Machozi yalimtoka. Akasema, "Mwambie huyo mtoto wa Kigali nimeshukuru. Mwambie uchungu umeanza kweli, ila safari hii sijui nani anamzaa nani."

Tangu siku hiyo anauliza habari za ukuta kama mtu anavyouliza habari za shamba lake: buluu imefika wapi? Njano haijarudi? Gaudiose alinitumia picha kwenye simu, nikataka kumwonyesha, akafumba macho. "Usinionyeshe. Nisomee."

Jana alikuwa na swali kwako. Nakuandikia kama alivyolisema: "Huyo asiyejua anakokwenda, akifika mwisho, atajuaje kwamba ni mwisho?"

Alitaka nimjibu mimi kwanza. Nikamwambia hilo nakuachia wewe, Swafiya.

Mutoni


Rwezamenyo
17 Aprili 2023

Mama Spéciose,

Assalaam alaykum. Nakuandikia wewe mwenyewe, na Dada Mutoni atakusomea. Kwanza unisamehe kwa kukubebesha mimba.

Umeuliza nitajuaje. Nimekaa na swali lako kliniki, nikalala nalo, nikafuturu nalo. Watu hudhani mwisho ni pale ambapo hakuna nafasi iliyobaki. Sivyo, mama. Ziko kuta nilizozijaza mpaka zikafa.

Kazi ikiwa hai, naamka na haraka. Mkono unatangulia mwili. Nikiwa kwenye pikipiki, dereva akisimama kwenye taa, vidole vyangu vinacheza kwenye mgongo wake mpaka ananiuliza kama naumwa. Hiyo ni dalili ya kwamba bado. Halafu kuna asubuhi moja naenda bila haraka. Nachovya brashi, nainua, na hakuna anayeita. Si kimya cha mtu aliyenuna. Ni kimya cha nyumba ambamo wote wamekwisha kula na wameshiba. Mara ya kwanza kilinitisha. Niliongeza kitu kwa hofu, nikaharibu. Siku hizi naiweka brashi chini.

Zaidi ya hapo sijui. Sijui anayeita ni nani. Nimeacha kuuliza, maana kila nikiuliza ananyamaza, na nikifanya kazi anasema.

Ukuta wenu bado unaniita. Leo upande wa dirisha umetaka nyekundu, kidogo sana, chini ya matope, mahali ambapo hakuna atakayeiona. Nimeiweka na kuifunika. Nikaona matope yote yamepata joto.

Mwanao,
Swafiya


Kayanga
2 Mei 2023

Swafiya,

Mama amefariki. Tulimzika Jumamosi, kando ya baba.

Bahasha yako ilifika wakati wa matanga. Hakuisikia. Nilikwenda nayo nyuma ya nyumba kwenye migomba, nikaisoma kwa sauti hata hivyo, mpaka mwisho.

Watu wananiambia pole na wanafanya vizuri. Lakini nataka kumweleza mtu nilichokiona, na sijui wa kumweleza isipokuwa wewe.

Ilikuwa mchana, mvua kubwa kwenye mabati. Pumzi zake zilikuwa zimeanza kuachana. Nilikuwa nimemshika mkono, kidole changu kwenye mshipa, nahesabu, kwa mazoea ya kazi. Akafungua macho akasema, waziwazi kabisa, "Mutoni, acha kuhesabu." Nikauachia mshipa, nikabaki na mkono tu.

Ndipo nikasikia. Anavuta, anapumzika. Anavuta, anapumzika kwa muda mrefu zaidi. Nimeisikia pumzi ile maisha yangu yote, Swafiya. Ni ile ile. Ni ya mwanamke anayekaribia kusukuma. Nimesimama kwenye mlango mmoja miaka yote hii nisijue kwamba mlango wa pili una sauti moja na huu.

Mimi ambaye huagiza, "Sukuma, subiri, pumua sasa," sikuwa na la kuagiza. Nikamfuata. Alivuta nikavuta. Alitoa nikatoa. Akatoa tena, ndefu, nami nikatoa naye, nikangoja ile inayofuata. Nikangoja. Mvua iliendelea kunyesha. Kisha nikagundua kwamba anayepumua chumbani ni mimi peke yangu.

Sikuogopa. Nilidhani nitalia na sikulia. Nilishangaa. Nilishangaa kama mtoto aliyeonyeshwa ziwa kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba jambo hili ni kubwa namna hii.

Mutoni


Rwezamenyo
8 Mei 2023

Dada Mutoni,

Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun. Mwihangane, mjipe moyo, wewe na wote wa nyumba hiyo. Niliifungua barua yako pale pale kituo cha mabasi cha Nyabugogo, watu wakinipita na mizigo yao, nikaisoma nimesimama. Mugabo alinipa maji bila kuniuliza kitu.

Sikwenda kliniki siku hiyo. Nilipokwenda, nilichovya brashi nikaiinua. Nikangoja. Iradukunda alikuwa amemleta mtoto wake kwa chanjo, akapita akanisalimia. Habiyaremye alikuwa anafagia. Hakuna aliyeita.

Nikaosha brashi, nikakunja maturubai, nikamuaga Gaudiose. Umekwisha.

Nikuambie jambo. Sijautazama mzima. Siku zote nilikuwa karibu nao mno, pua ukutani. Naogopa kurudi nyuma nikakuta ni ukungu, kama ulivyosema. Ukifika, utazame wewe. Usipoupenda, kuna kopo la rangi nyeupe stoo, halijafunguliwa. Sitakununia. Mimi nilichopewa nimekwisha kupewa.

Mdogo wako,
Swafiya


Remera, Kigali
24 Mei 2023

Swafiya mdogo wangu,

Nimerudi. Nianze na ukweli: sikuupenda.

Niliingia nimechoka na safari, nikaona matope, nikaona mistari, nikaona buruzo lile refu la bega, nikasema moyoni, Gaudiose amelogwa. Halafu nikamtafuta mama yangu. Usinicheke. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba atakuwemo. Nilitazama kila pembe kama mtu anayetafuta uso wake kwenye picha ya harusi ya watu wengine. Hayumo. Nikaona kama nimeibiwa. Nikamwambia Habiyaremye alitoe lile kopo stoo aliweke mlangoni pa ofisi yangu. Aliliweka. Hakunitazama usoni.

Mchana akaletwa Mugeni, mpishi katika nyumba moja ya Nyarutarama. Amevuka arobaini, mimba ya kwanza, anaogopa mpaka meno yanagongana. Gaudiose alikuwa ndani na mwingine, kwa hiyo nikamtembeza mwenyewe. Miaka mingi sijamtembeza mtu. Sisi madaktari huitwa mwishoni. Uchungu ulipokuja alijaribu kuegemea karibu na dirisha, akasema, "Si hapa." Tukaenda. Akajaribu tena, akasema, "Si hapa." Tulipofika penye lile buruzo akasimama, akaweka paji la uso ukutani na mikono yote miwili.

"Hapa, daktari. Tusimame hapa."

Nikangoja mpaka maumivu yalipopita. Nikamuuliza, "Unaona nini?"

Akafikiri. Alitaka kunijibu vizuri, maana mimi ni daktari. Halafu akasema, "Sioni kitu. Pana nafasi tu."

Maumivu yakarudi. Nikaweka na mimi mkono ukutani nipate kumshikilia, uso wangu karibu sana kiasi kwamba ukuta ulipotea. Swafiya, yale si matope. Chini yake kuna wekundu unaowaka taratibu. Buluu haiko juu, iko mbali, nyuma, kama vilima vya Karagwe asubuhi, na mstari ule wa kwanza unashuka ndani yake na hauna mwisho. Niliutafuta kama ulivyoutafuta wewe. Mugeni akavuta pumzi. Nikavuta naye. Nikahisi nimesimama mbele ya kitu kinachopumua, kilichokuwa kikipumua kabla ya mama yangu kuvuka mto, na ambacho hakikuhitaji nikielewe ili kinipokee. Nikalia, mdogo wangu. Nililia mbele ya mgonjwa kwa mara ya kwanza tangu nivae koti jeupe, na Mugeni, katikati ya uchungu wake, akanipapasa mgongo akisema, "Mwihangane, daktari, itapita."

Alijifungua kabla ya jua kuzama. Mvulana, na sauti kama king'ora.

Lile kopo nimempa Habiyaremye akapake chumba cha watoto wake. Alilibeba mbio, nadhani aliogopa nitabadili mawazo.

Njoo Jumapili, tule pamoja. Halafu tutakwenda mwisho kabisa wa korido, pale kwenye viti vya kusubiria, na utautazama mzima. Ukiogopa nitakushika bega.

Usilete brashi.

Dada yako,
Mutoni